Msumeno Mkali, Mikono Salama
Somo la afya kwa familia za mafundi wa kukata miti



Katika somo letu la mwezi huu tunaingia porini na mashambani, kwenye miti. Huenda mtu akauliza: "Ukurasa wa afya na misumeno wapi na wapi?" Subirini kidogo, mtaona.

Tuchukue mfano wa familia moja ya nyanda za juu, kule Mufindi au Njombe, ambako misindano na mikaratusi ndiyo shamba na ndiyo benki. Baba ni fundi wa msumeno wa mnyororo, ule ambao wengi tunauita chenso. Ni asubuhi ya mwezi wa Juni na baridi ni kali. Mama anampa kikombe cha chai, nacho kinamponyoka na kuanguka chini.

"Baba, vipi tena? Hiki ni cha pili wiki hii."

"Baridi tu, mama. Vidole vimekufa ganzi."

Mama anamshika mkono. Anaona vidole viwili ni vyeupe kama chokaa kuanzia nchani hadi katikati, na mpaka wa weupe huo unaonekana wazi. Baridi peke yake haifanyi hivyo. Huo ni ugonjwa, na mzizi wake uko kwenye mashine iliyolala kule stoo. Basi, katika somo hili tutaona jinsi afya ya msumeno inavyofungamana na afya ya anayeushika, na pia afya ya nyumba nzima.

ASILI YA CHOMBO HIKI

Wengi hawajui kwamba mnyororo wenye meno ulianzia mikononi mwa waganga. Mwishoni mwa karne ya 18, madaktari wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walitumia mnyororo mdogo wenye meno, uliovutwa kwa mikono, kukatia mifupa. Mnamo 1830 Mjerumani Bernhard Heine akatengeneza chombo cha kukatia mfupa chenye mnyororo uliozungushwa kwa mkono. Baadaye tu ndipo wazo hilo likaenda msituni. Mwaka 1926 Andreas Stihl, naye Mjerumani, alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme, mzito kiasi cha kuhitaji watu wawili.

Kwa hiyo, ndugu fundi, ukumbuke kwamba chombo ulichoshika kina ukoo na kisu cha daktari wa upasuaji. Tofauti ni mwendo. Mnyororo wa leo, injini ikivuta kwa nguvu zote, hupita kwa mwendo wa mita 20 hivi kila sekunde. Hiyo ni sawa na gari la kilometa 72 kwa saa. Hakuna ngozi wala mfupa unaoweza kushindana nao.

MNYORORO BUTU NI UGONJWA

Fundi mvivu wa kunoa husema: "Bado unakata." Ni kweli, lakini unakata kwa gharama ya mwili wako. Mnyororo mkali hujivuta wenyewe ndani ya mti, na mtu huuongoza tu. Mnyororo butu hutaka kusukumwa. Mtu akisukuma, hushika kwa nguvu, na mtikisiko wote wa mashine hupanda mikononi. Kazi ya dakika tano huwa ya dakika kumi. Ndiyo kusema kelele mara mbili, moshi mara mbili na uchovu mara mbili. Naye mtu aliyechoka hukosea mguu na mkono.

Dalili ya mnyororo butu ni rahisi kuiona. Tazama kinachoanguka chini. Ukiona vipande vya mti kama makapi, mnyororo ni mkali. Ukiona unga laini, zima mashine ukanoe. Unga huo nao huingia machoni na mapafuni.

Namna ya kunoa:

1. Zima injini. Vaa glavu. Ubane msumeno usitikisike, na funga breki ya mnyororo wakati unanoa.

2. Tumia tupa ya mviringo yenye unene unaolingana na mnyororo wako. Minyororo midogo hutaka tupa ya milimita 4.0, ya kati 4.8, na mikubwa 5.2 au 5.5. Tazama kitabu cha mashine yako. Tupa isiyolingana huharibu jino.

3. Sukuma tupa kutoka ndani ya jino kwenda nje, upande mmoja tu, usirudishe kama unayekata ubao. Minyororo mingi hunolewa kwa pembe ya nyuzi 30 hivi.

4. Hesabu. Ukipiga tupa mara tatu kwa jino la kwanza, piga tatu kwa yote. Meno ya upande mmoja yakiwa mafupi, msumeno hukata kwa kupinda.

5. Mbele ya kila jino kuna kinundu kidogo kinachopima jino liingie kiasi gani. Kwa kawaida kinapaswa kuwa chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Wako mafundi wanaokishusha sana ili msumeno "ule" haraka. Huo ni mchezo wa hatari, maana jino huuma kupita kiasi na msumeno hupiga teke.

UKAGUZI WA ASUBUHI

Kama vile mama anavyomkagua mtoto kabla hajaenda shule, ndivyo fundi amkague msumeno wake. Dakika kumi zinatosha.

a) Mkazo wa mnyororo. Pima injini ikiwa imezimwa na imepoa. Mnyororo ulale vizuri chini ya upanga wa chuma unaoubeba, na bado uweze kuuvuta kwa mkono wenye glavu. Ukilegea huchomoka. Ukiukaza wakati ni moto, ulegeze kabla ya kuuweka, kwa sababu chuma kikipoa hujikunja na kuumiza mashine.

b) Breki ya mnyororo. Washa, funga breki, vuta mafuta kidogo. Mnyororo usizunguke. Kama unazunguka, siku hiyo usiende kazini na msumeno huo.

c) Mafuta ya mnyororo. Elekeza ncha ya upanga kwenye kisiki cheupe kwa umbali wa sentimita 20 hivi na uvute. Ukiona mstari wa mafuta kwenye kisiki, tundu halijaziba. Usitumie oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari. Hiyo hurushwa juu ya mikono na nguo, na ina vitu vinavyoweza kuleta kansa ya ngozi kwa mtu anayeguswa nayo kwa muda mrefu.

d) Upanga wenyewe. Safisha mfereji wake, na uugeuze juu chini mara kwa mara ili usilike upande mmoja.

e) Chujio la hewa. Likiziba, injini hunywa petroli nyingi na kutoa moshi mbaya. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu. Kichwa kuuma na kizunguzungu ukiwa kazini ni onyo. Usiwashe kamwe mashine hii ndani ya nyumba au stoo.

f) Mipira ya kuzuia mtikisiko. Iko kati ya injini na mikono ya kushikia. Wengi huisahau mpaka ikakatika. Mipira hiyo ndiyo inayolinda vidole vyako. Ikichakaa, nunua mingine.

Mafuta ya injini huchanganywa na oili. Mashine nyingi za sasa hutaka kipimo cha 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli; nyingine za zamani hutaka mililita 40. Fuata kitabu. Na hapa akina mama sikilizeni: mchanganyiko huo usiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi, huona chupa tu. Akinywa petroli, msimtapishe, kwa kuwa ikirudi juu huingia mapafuni. Mkimbizeni hospitali.

VIDOLE VYEUPE NA MASIKIO MAZITO

Sasa turudi kwa yule baba wa kikombe. Ugonjwa wake unajulikana siku nyingi. Mwaka 1918 daktari mwanamke wa Marekani, Alice Hamilton, aliwachunguza wachonga mawe wa mji wa Bedford, jimbo la Indiana, waliotumia nyundo za upepo. Aliwakuta na vidole vyeupe vilivyokufa ganzi, hasa asubuhi za baridi. Misumeno ya mnyororo ilipoenea misituni, wakata miti nao wakapata yaleyale.

Mtikisiko huumiza mishipa midogo ya damu na ya fahamu vidoleni. Mwanzoni ni kuwashwa na ganzi baada ya kazi. Kisha ncha za vidole huwa nyeupe penye baridi, na damu inaporudi huuma sana. Mwishoni mtu hawezi kufunga kifungo cha shati wala kuokota sarafu. Ugonjwa ukishafika hapo haurudi nyuma. Ukikamatwa mapema, waweza kuzuiwa usiendelee.

Afanyeje? Anoe mnyororo. Abadili mipira. Ashike msumeno imara lakini asiukabe. Apumzike, au apokezane na mwenzake, mmoja akikata na mwingine akipanga magogo. Afike kazini mikono ikiwa na joto na glavu zikiwa kavu. Aache sigara, kwa kuwa tumbaku hubana mishipa ileile. Na akaonane na daktari, amweleze wazi kazi yake; daktari hawezi kuotea.

Masikio nayo hayana spea. Wataalamu wanasema sikio laweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda hupungua nusu. Zikifika 100, muda ni robo saa tu. Msumeno wa mnyororo hutoa kelele ya zaidi ya 100. Basi fundi afanyaye kazi kutwa bila vikinga masikio anajichimbia uziwi. Huanza na mlio kama wa mbu usiku, kisha watoto nyumbani hulazimika kumpigia kelele baba yao.

TEKE LA MSUMENO

Hatari kubwa kuliko zote ni teke. Ncha ya upanga, hasa robo yake ya juu, ikigusa gogo au tawi, mnyororo hukwama ghafla na nguvu yote hurudi kwa mtu. Upanga huruka kuelekea uso na shingo kabla mtu hajakonyeza jicho. Ili kujikinga:

- Usikate kwa ncha ya juu. Angalia kila mara ncha iko wapi.
- Shika kwa mikono miwili, kidole gumba cha kushoto kikizunguka mshikio wa mbele.
- Simama pembeni kidogo ya mstari wa upanga, usisimame nyuma yake moja kwa moja.
- Usikate juu ya mabega yako.
- Washa mashine ikiwa chini, mguu ndani ya mshikio wa nyuma, breki imefungwa. Kuining'iniza na kuivuta hewani ni ushujaa wa kijinga.

Mavazi ni kofia ngumu, wavu au miwani ya uso, vikinga masikio, glavu, viatu vyenye chuma vidoleni, na suruali maalum. Suruali hiyo ina nyuzi ndefu ndani. Mnyororo ukiigusa, nyuzi hujisokota na kuusimamisha. Ni ghali, ni kweli. Lakini sehemu zinazoumia mara nyingi ni miguu na mkono wa kushoto. Pima mwenyewe: suruali moja, au mguu mmoja? Ndala na kaptula si mavazi ya kazi hii.

Watu wengine wote, hasa watoto wanaookota kuni, wakae mbali kwa urefu wa miti miwili mti unapoangushwa. Fundi asafishe njia mbili za kukimbilia, nyuma na kando, kabla ya kukata. Na mti ulionasa juu ya mwenzake, mtu asipite chini yake hata akiwa na haraka namna gani.

MGANGA WA MITI

Si kila fundi huangusha. Wengine hupogoa mwembe ulioinamia bati, mgrevilea juu ya kahawa, au mjakaranda wa uwanja wa shule. Kazi hii ni uganga kabisa, nayo ina masharti.

Tawi zito hukatwa mara tatu. Kwanza kata kidogo kwa chini, mbali na shina. Pili kata kwa juu, nje kidogo ya pale, na tawi lianguke bila kuchuna gome. Tatu ondoa kisiki kilichobaki, nje tu ya ule uvimbe unaozunguka shina la tawi. Mtaalamu wa Marekani Alex Shigo alipasua maelfu ya miti akaonyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama sisi; huujengea ukuta ule uozo na kukua juu yake. Ukiukata uvimbe ule, umebomoa ukuta. Ukiacha kigutu kirefu, umefungua mlango wa uozo. Kupaka rangi au lami hakusaidii.

Anayepanda na msumeno awe na mshipi na afungwe sehemu mbili, moja ya kamba na nyingine yenye waya wa chuma ndani, kwa sababu kamba moja yaweza kukatwa na msumeno wake mwenyewe. Chini awepo mwenzake anayejua kumshusha. Ngazi iliyoegemezwa kwenye tawi na mtu mwenye msumeno juu yake ni msiba unaosubiri saa. Na palipo na nyaya za umeme, usiguse. Waiteni TANESCO kwanza. Mti mbichi hupitisha umeme.

SIKU YA FUNDI

Kazi nyingi hulipwa kwa idadi ya miti au magogo. Hapo ndipo pupa huingia. Fundi hupitiliza chakula, hanywi maji, hanoi, ili afikishe hesabu. Ajabu ni kwamba anayesimama kunoa kila anapojaza mafuta humaliza mapema kuliko anayesukuma butu. Anapojaza, injini ipoe kwanza, sigara isiwepo, na awashe mita tatu mbali na mahali alipojazia.

Na ulanzi? Kwetu ni kinywaji cha kusalimiana, lakini subira. Kikombe cha asubuhi kikiwa kichwani na msumeno ukiwa mkononi, mmoja wao lazima ashinde. Ulanzi ungoje jioni, mashine ikiwa stoo.

AJALI IKITOKEA

Wengine husema ajali haina kinga. Tumeona kwamba nyingi zinayo. Lakini ikitokea:

1. Zima mashine. Mlaze mgonjwa chini.

2. Bana kidonda kwa nguvu kwa kitambaa safi, kwa mikono miwili, wala usiachie kuchungulia. Mtu mzima ana damu kama lita tano tu, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika aweza kufa katika dakika chache. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake.

3. Damu ya mkono au mguu isipokoma, na uhai uko hatarini, funga kitambaa kipana sentimita 5 hadi 7 juu ya kidonda, si juu ya kiungo. Tia kijiti, sokota mpaka damu ikome. Andika saa. Usilegeze mpaka hospitali. Usitumie waya wala kamba nyembamba.

4. Usitie udongo, majivu, mafuta ya taa wala majani.

5. Kidole kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko uwekwe juu ya barafu. Barafu isikiguse.

6. Kitu kilichochoma jicho kisichomolewe. Funika jicho bila kulikandamiza.

7. Mfunikeni asipate baridi, mpelekeni, na muulize hospitali kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kwa hiyo fundi asifanye kazi peke yake. Simu iwe na chaji, na wote wajue gari litapatikana wapi.

Tena, kwa walioajiriwa Tanzania Bara: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda wafanyakazi wake, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, hulipa fidia kwa ajali na magonjwa ya kazini. Vidole vyeupe na uziwi si "bahati mbaya". Ulizeni kama mwajiri amewaandikisha. Vijana wanaotaka kujifunza kazi hii vizuri waulize vyuo vya misitu vya Olmotonyi na Moshi.

Na yule baba? Mfano wetu umalizike hivi: alikwenda hospitali, akabadili mipira, akanunua tupa mpya. Siku hizi kila jioni hukaa uani na kunoa, naye mwanawe mkubwa humhesabia: moja, mbili, tatu. Vidole viwili havikurudi kama zamani. Vinane vimesalimika, na kikombe hakijaanguka tena.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Je, mchanganyiko wa petroli nyumbani kwetu umewekwa kwenye chombo gani, na watoto wanaufikia?
2. Baba au kaka anayekata miti, vidole vyake vikoje asubuhi? Je, anasikia vizuri?
3. Nani kati yetu anajua kuzuia damu? Tujaribu kwa kitambaa, leo.
4. Siku ya kazi, fundi wetu huenda na nani, na akiumia tutaitwaje?

Kinga ni bora kuliko tiba. Tuonane mwezi ujao.